Hamu ya Mashaka

Wazee walioendesha malori katika barabara za Uingereza miaka ya 1950 na 1960 wana mazungumzo yanayofanana. Aghalabu huanza na baridi. Mzee husimulia kwamba kichwa cha lori lake hakikuwa na kipasha joto, kwamba upepo uliingia kwa chini ya klachi na breki ukamkata miguu, kwamba alijifunika gunia magotini na kuvaa makoti mawili. Hueleza usukani uliokuwa mzito hata mabega yakauma siku ya pili, na injini iliyowekwa ubavuni mwa kiti chake, ikinguruma kiasi kwamba yeye na utingo wake walisemezana kwa ishara. Kisha, akiisha kuyahesabu mashaka yote hayo kama mtu anayesoma hati ya mashtaka, hunyamaza kidogo, akasema kwamba laiti ingekuwapo njia, angerudi kesho alfajiri.

Hapo pana swali lisilohusu malori peke yake. Yafahamika mtu kuitamani neema iliyompita. Lakini kuyatamani mashaka, tena yale yale aliyoyalaani kila siku alipokuwa ndani yake, ni jambo la namna gani? Je, ni kweli au ni kujidanganya? Na mzee akisema kwamba kazi ilikuwa ile ya zamani, hii ya leo si kitu, kijana anayeendesha leo katika kiti chenye joto ana wajibu wa kumwamini?

Jawabu la haraka ni kwamba mzee halitamani lori, anautamani ujana wake. Jawabu hili lina ukweli, lakini halitoshi. Ujana una mengi: una mchumba wa kwanza, una mpira wa Jumamosi, una nguo mpya. Kwa nini katika yote hayo achague usiku wa mvua, mlimani, na tairi limepasuka? Wengine husema kwamba kumbukumbu huchuja uchungu ikabakiza utamu. Hilo nalo linakanushwa na ushahidi wenyewe, kwani mzee huanza na baridi. Hakusahau. Anakumbuka kila kitu na bado anatamani, na hilo ndilo linaloifanya hamu yake istahili kuhojiwa kwa heshima badala ya kuchekwa.

Yafaa kwanza kuyajua magari yenyewe. Zama hizo lori la Kiingereza lilikuwa na kwao, kama mtu. Foden na ERF yote yalitoka Sandbach, mji mdogo wa Cheshire, na habari yake ni ya jamaa waliotengana: ERF ni herufi za jina la Edwin Richard Foden, aliyeiacha kampuni ya ukoo wake, na kampuni mpya ikaanza mwaka 1933 katika mji ule ule. Scammell lilikuwa la Watford, AEC la Southall, Atkinson la Preston, Leyland la mji wenye jina hilo hilo katika Lancashire, Albion la Glasgow, Bedford la Luton. Majina mawili haya ya mwisho hayana ugeni kwa msomaji wa pwani, kwani Albion na Bedford yalishushwa katika bandari za Afrika ya Mashariki, na hata neno lori lilishuka pamoja nayo.

Nguvu yao ilikuwa ndogo kwa kiasi cha kustaajabisha. Injini iliyosifiwa kuliko zote kwa uaminifu wake, Gardner 6LW, iliyotengenezwa Patricroft karibu na Manchester, ilikuwa na silinda sita na nguvu za farasi 112 katika miaka ya 1950. Injini hiyo iliburuta lori la magurudumu manane ambalo kisheria liliruhusiwa kufika tani 22 pamoja na shehena yake, na baada ya 1955 tani 24. Kwa tani 24, hata farasi watano kwa tani moja hawakutimia. Kwenye tambarare lilikwenda. Kwenye mlima ilikuwa habari nyingine.

Na mlima uliokuwa ukitajwa kuliko yote ni Shap, katika barabara ya A6, njia kuu ya malori ya upande wa magharibi kutoka Uingereza kwenda Uskochi. Barabara ilipanda hadi kiasi cha futi 1,400, mahali pasipo mti wala nyumba ya kukinga upepo. Dereva alipanda kwa gia ya chini kabisa, saa nzima ya kusikiliza injini moja ikilia kwa sauti moja, na husimuliwa kwamba utingo aliweza kushuka akatembea kando ya gari asiachwe. Kuteremka kulikuwa kubaya zaidi, kwani breki zikipata moto hulegea, na anayeteremka kwa gia isiyofaa hapati nafasi ya kuibadili. Theluji ikianguka, malori yalikwama kwa msururu, na wenyeji wa huko waliwapokea madereva majumbani mwao. Barabara mpya ya M6 ilipofunguliwa upande huo mwaka 1970, Shap ya zamani ikawa kimya.

Sasa itazamwe shehena. Lori la siku hizo kwa kawaida lilikuwa jukwaa tupu la mbao, halina kuta wala paa. Magunia, mapipa, marobota na masanduku yalipakiwa kwa mikono, na mpangaji mkuu alikuwa dereva mwenyewe, kwa sababu ndiye atakayekwenda nayo. Kizito kikae wapi, chepesi kiegemee nini, upande upi utafunguliwa kwanza huko mwisho wa safari, yote aliyaamua yeye. Kisha akatandaza turubai, akalikunja pembe zake kama bahasha ili mvua isipate pa kuingilia, akalikaza kwa kamba. Fundo lilifungwa kwa namna inayojikaza yenyewe na kufunguka kwa mvuto mmoja, na vijana walijifunza kwa kutazama mikono ya wakubwa. Mtu aliweza kusimama kando ya barabara akaliona lori likipita, na kwa mkunjo wa turubai tu akajua kama aliyelifunga ni fundi au ni mzembe.

Likishatoka langoni, lori lilipotea. Hapakuwa na simu ndani ya gari, hapakuwa na mtu ofisini aliyejua liko wapi. Tani kumi na tano za mali ya watu zilikuwa mikononi mwa mtu mmoja, usiku, katika nchi yenye ukungu, hadi atakapobisha hodi upande wa pili. Kiswahili kina neno lake kwa jambo hili, nalo ni amana. Mwenye kupewa amana hapewi kazi tu. Anapewa sehemu ya nafsi ya mwenye mali, naye hujiona mkubwa kwa kiasi cha kile alichoaminiwa. Hapa ndipo hamu ya mzee inapoanza kueleweka. Haitamani baridi. Anamtamani yule mtu ambaye alikuwa akiaminiwa katika baridi ile, na hawezi kumkumbuka pasipo kuikumbuka baridi, kwa kuwa hawakupata kuonana mbali mbali.

Lau mambo yangeishia hapo, ingekuwa rahisi kumpa mzee haki yake yote. Hayaishii hapo.

Sheria ya mwaka 1930 ilimkataza dereva kuendesha zaidi ya saa 11 katika kila saa 24. Sheria ya mwendo nayo, hadi 1957, ilimkataza mwenye lori zito kupita maili 20 kwa saa. Kutoka London hadi Glasgow ni kiasi cha maili 400. Mwenye kufanya hesabu ataona mara moja kwamba dereva mwaminifu hawezi kufika chini ya siku mbili, hata njia ikiwa nyeupe. Ikiwa alifika mapema, basi alivunja sheria moja au zote mbili, na daftari la safari alilolazimika kulijaza kwa mkono wake lilibidi liseme uongo. Tajiri alijua, karani alijua, dereva alijua. Amana ilikuwa kweli katika turubai na kamba, na ilikuwa uongo katika daftari. Mtu yule yule, usiku ule ule. Filamu ya Hell Drivers ya mwaka 1957, iliyoongozwa na Cy Endfield, ilijengwa juu ya jambo hilo: madereva wanaolipwa kwa idadi ya safari, wakishindana hadi kuuana, na faida ikienda kwa wasioshika usukani. Ni sinema, yenye chumvi za sinema, lakini haikutungwa kutoka hewani.

Kwa hiyo uhuru ambao mzee anausifu ulikuwa na wateja wawili. Yeye aliuona kuwa ni heshima. Tajiri aliuona kuwa ni nafuu, kwani mtu asiyeonekana huweza kufanyishwa kazi hata macho yakamfumba, na akipinduka, kosa ni lake. Tena wapo wasiotajwa katika masimulizi. Lori lililovuta tela lilitakiwa kisheria kuwa na mtu wa pili, utingo au taniboi, na ni nadra kusikia jina lake. Mke aliyelala macho akisubiri mlio wa geti hatajwi. Wala hatajwi mwendesha baiskeli aliyekutana gizani na lori ambalo dereva wake alikuwa macho tangu jana.

Ndipo ikaja takografu, kifaa kinachochora juu ya duara la karatasi mwendo wa gari na mapumziko yake kwa saa 24. Jumuiya ya Ulaya iliitaka, Uingereza ikasitasita, na mwaka 1979 Mahakama ya Haki ya Ulaya ikaamua kwamba Uingereza imekiuka wajibu wake. Kufikia mwisho wa 1981 kifaa kilikuwa lazima. Madereva walikiita jasusi ndani ya gari. Hasira yao ilikuwa ya haki na haikuwa ya haki kwa wakati mmoja. Duara lile la karatasi liliwapa usingizi, na lilimzuia tajiri kuwaambia wafike Glasgow kesho. Lakini liliwaambia pia kwamba neno lao halitoshi tena. Mtu aliyeachiwa mali ya watu kwa miaka ishirini bila kupoteza hata gunia akaambiwa saa ya ukutani ndiyo shahidi. Alipata afya, akapoteza sifa. Na hakuna aliyemuuliza kama anakubali biashara hiyo. Kwa hakika alipaswa kuikubali. Lakini kupaswa kukubali hakuondoi uchungu wa kutoulizwa, na pengine hamu yote hii ni uchungu huo, uliokosa mahali pengine pa kukaa ukaenda kukaa ndani ya Foden kuukuu.

Viwanda navyo vikaondoka: AEC ya Southall ilifungwa 1979, Scammell ya Watford 1988, jina la Foden likakoma 2006 na la ERF mwaka uliofuata. Mjini Leyland bado yanaundwa malori, ila yanabeba jina la DAF. Magari ya zamani sasa yako kwa wapenzi wake, ambao wengi hawakupata kuyafanyia kazi. Tangu 1962 hufanyika msafara wa magari ya kale ya kazi kutoka London hadi Brighton, na ni msafara mzuri: rangi nyekundu na kijani, maandishi ya dhahabu milangoni, shaba inayong'aa. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, walisema wahenga, na huenda methali hii ikawahusu wapenzi hao wanaoliona lori ni pambo. Hata hivyo si haki kuwalaumu sana. Mwenye kukesha akisugua kutu ya ekseli iliyokwisha kutupwa ana aina yake ya uaminifu, na mzee akipita akaona turubai limekunjwa sawasawa, husimama.

Juu ya Shap, kando ya A6, liko jiwe la ukumbusho. Linawataja madereva na wenzao waliopita njia ile ngumu kabla ya M6, na waliojenga na kuitunza barabara, kisha likawataja wenyeji waliowapa chakula na malazi waliokwama katika hali mbaya ya hewa. Walioliandika walikuwa na busara kuliko wasimulizi wengi, maana walimkumbuka pia aliyefungua mlango.

Na katika kanuni za 1988 za ukaguzi wa magari ya mizigo kimo kifungu kidogo kuhusu malori yaliyoanza kutumika kabla ya 1960. Yalisamehewa ukaguzi wa kila mwaka, kwa sharti moja: yaende tupu. Hivyo ndivyo yanavyokwenda Brighton, kamba zimeviringwa vizuri juu ya mbao, na juu ya mbao hizo hakuna kitu.