RANGI YA NGOZI NA UKALI WA JUA





Swali moja husikika mara kwa mara katika mazungumzo ya watu, nalo ni hili: mtu mweusi na mtu mweupe wakisimama pamoja juani, ni nani aonaye joto zaidi? Wako wasemao kwamba mweusi ameumbwa kwa ajili ya jua, kwa hiyo halimdhuru. Wako na wengine wasemao kinyume chake, ya kwamba kitu cheusi hunywa joto, basi mweusi ndiye aumiaye zaidi. Swali lenyewe laonekana dogo. Lakini majibu yake mabaya yamewahi kuwaletea wanadamu dhuluma kubwa, na hata leo yako maisha ya watu yanayopotea kwa sababu yake. Kwa hiyo yafaa tulitazame kwa elimu na kwa imani pamoja.

ISHARA KWA WENYE ELIMU

Katika Kurani Tukufu, Sura ya 30, iitwayo Ar-Rum, Mwenyezi Mungu ametaja kuhitilafiana kwa lugha na rangi za wanadamu kuwa ni miongoni mwa ishara Zake, pamoja na kuumbwa kwa mbingu na ardhi. Tena akaeleza kwamba ishara hizo ni kwa wenye elimu. Angalia, ewe msomaji, hakusema kwamba rangi ni alama ya cheo, wala hakusema kwamba ni adhabu. Amesema ni ishara, na ishara haifahamiki kwa uvumi, bali hufahamika kwa kuchunguza. Basi na tuchunguze.

JOTO NA KUUNGUA NI MAMBO MAWILI

Tuchukue mfano wa hapa kwetu Ufipa. Mji wa Sumbawanga uko kwenye uwanda wa juu, kadiri ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Asubuhi ya mwezi wa Julai watu hutoka wamejifunika makoti na mablanketi. Mfanyabiashara mmoja akiteremka Lyamba lya Mfipa hata kufika bonde la Ziwa Rukwa, atakuwa ameshuka kiasi cha mita 1,000, na kwa kawaida hewa huzidi joto kwa nyuzi 6 hivi kwa kila mita 1,000 za kuteremka. Huko bondeni atavua koti na kutafuta kivuli. Je, rangi yake imebadilika njiani? Hasha! Ngozi ni ile ile, kilichobadilika ni hewa.

Hivyo twafahamu kwamba kuona joto hutegemea hasa hali ya hewa, unyevu, upepo, kazi aifanyayo mtu, maji anywayo na mazoea ya mwili wake. Mwili hujipoza kwa jasho, na jasho halichagui rangi. Mgeni aingiaye nchi ya joto, awe mweusi au mweupe, mwili wake huhitaji kadiri ya wiki moja au mbili ili kuizoea kazi ya juani.

Ni kweli kwamba ngozi nyeusi hupokea nuru inayoonekana zaidi kuliko ngozi nyeupe. Lakini karibu nusu ya nguvu ya jua itufikiayo ni miale isiyoonekana kwa macho, na tena liko joto litokalo kwenye ardhi na katika hewa, ambalo ngozi zote hulipokea karibu sawasawa. Mwaka 1980 wataalamu walichapisha uchunguzi wao juu ya kanzu nyeusi za Mabedui wa jangwani. Walikuta kwamba joto lililomfikia mvaaji lilikuwa sawa, kanzu ikiwa nyeusi au nyeupe, kwani joto lililozidi katika kitambaa cheusi lilipotea kabla ya kufika mwilini.

Jambo la pili ni kuungua. Ndani ya mwanga wa jua mna miale iitwayo urujuanimno. Miale hii haionekani wala haina joto la kuhisiwa, lakini ndiyo iunguzayo ngozi, na kwa kadiri ya miaka inavyopita huweza kuleta saratani. Kadiri mtu anavyopanda juu, nayo huongezeka, takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000. Kwa hiyo mtu aliyeko Sumbawanga huweza kuona baridi huku jua likimchoma kuliko aliyeko bondeni akitoka jasho. Upepo wa Ufipa humdanganya. Jua hupita juu kabisa ya vichwa vyetu mwishoni mwa Februari na tena katikati ya Oktoba, na hata mawingu hayazuii miale hiyo yote.

Hapa ndipo rangi inapofanya kazi yake. Mwenyezi Mungu ametia katika ngozi kitu kiitwacho melanini, ambacho huinasa miale hiyo kabla haijaharibu ndani. Aliye na melanini nyingi ana ngao nene, na aliye na kidogo ana ngao nyembamba. Lakini ngao si kinga kamili, na hata mweusi sana huungua akikaa mno juani. Basi jibu ni hili: katika kuona joto wanadamu ni karibu sawa, na katika kuungua wanahitilafiana.

UONGO ULIOTUMIKIA DHULUMA

Wenye mashamba ya Marekani na visiwa vya Karibi walidai kwamba Mwafrika hasikii jua, kwa hiyo ni haki kumfanyisha kazi mchana kutwa. Katika nchi zetu Wazungu walivaa kofia nene wakiogopa jua lisidhuru bongo zao, na huku wapagazi waliwafuata kichwa wazi chini ya mizigo. Madai hayo hayakutoka katika elimu. Yalitoka katika tamaa, kisha yakavikwa nguo ya elimu.

Umkumbuke Bilal r.a., mtumwa Mhabeshi wa Makka. Bwana wake, Umayya bin Khalaf, alimlaza juu ya mchanga wenye kuunguza wakati wa mchana na kumwekea jiwe kubwa kifuani ili aiache imani ya Mungu Mmoja. Mtesaji yule alijua vizuri sana kwamba mweusi husikia joto, kwani kama asingelijua hilo, asingeliuchagua mchanga kuwa adhabu. Na Mtukufu Mtume s.a.w., katika Hija ya Kuaga mwaka 632, aliwatangazia watu kwamba mweupe hana ubora juu ya mweusi wala mweusi juu ya mweupe, ila kwa uchaji wa Mungu.

MTIHANI ULIO MLANGONI PETU

Pengine utasema, ewe msomaji, kwamba maneno hayo yanawahusu Wazungu na Waarabu wa zamani. La! Yanatuhusu sisi. Wako ndugu zetu waliozaliwa na ngozi isiyo na melanini ya kutosha, yaani watu wenye ualbino. Katika Tanzania hukadiriwa kwamba mtoto mmoja katika kila 1,400 huzaliwa hivyo. Sababu yake si laana, wala si uzinzi wa mama. Baba na mama, wote wawili wakiwa weusi, huweza kubeba chembe ya urithi huo bila kujua, na hapo kila mtoto wao ana nafasi moja katika nne ya kuzaliwa na ualbino.

Watu hawa hawana ngao. Wengi wao hupatwa na saratani ya ngozi wangali vijana, na macho yao huona kwa shida. Na kama kwamba jua halitoshi, wanadamu wamewaongezea moto mwingine. Wachawi wamedai kwamba viungo vyao huleta utajiri, na kwa sababu hiyo watu wengi wameuawa nchini mwetu, hasa tangu mwaka 2006 na kuendelea. Mkoa wetu wa Rukwa haukusalimika. Mwaka 2013 watu wenye ualbino, na mtoto akiwa miongoni mwao, walikatwa mikono katika mkoa huu.

Nawe wajua wenyeji wanavyolieleza jina la mji huu: Sumbawanga, yaani tupa uchawi. Mji wetu watuhubiria kila tulitajapo jina lake! Kurani Tukufu, katika Sura ya tano, imefundisha kwamba auaye nafsi moja bila haki ni kama aliyewaua watu wote, na aiokoaye moja ni kama aliyewaokoa wote.

YATUPASAYO

Kuokoa nafsi hapa hakuhitaji mali nyingi. Kofia pana, mikono mirefu ya nguo na sketi au suruali ndefu ni kinga kubwa. Mtoto mwenye ualbino asipelekwe kuchunga wala kulima saa za mchana, na darasani aketi mbele apate kuona ubao, mbali na dirisha lenye jua. Katika hospitali ya KCMC, Moshi, yametengenezwa mafuta ya kukinga jua kwa ajili yao, nayo yatafutwe. Kidonda kisichopona kionyeshwe kwa daktari mapema. Na anayemwita mwenzake kwa jina la dharau akatazwe, awe mzee au kijana.

Wala usidhani kwamba mambo haya yako nje ya dini. Sura An-Nahl imehesabu vivuli, na mavazi yakingayo joto, kuwa ni katika neema za Mungu. Mtukufu Mtume s.a.w. aliagiza sala ya Adhuhuri icheleweshwe joto linapokuwa kali mno. Ikiwa kwa ajili ya jua hata sala imesogezwa, je, wewe hutasogea kidogo kivulini umpishe mwenzako?

Uovu nao ni kama miale ile isiyohisiwa. Adharauye rangi ya mwenzake haoni joto lolote, huona raha tu, kumbe moyo wake unaungua. Basi jichunguze leo, kabla ya kuingia usiku, kama yuko mtu kijijini kwako unayemwogopa au kumcheka kwa ajili ya ngozi yake. Ukimkuta, mwendee kwa salaam.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuzisoma ishara Zake kwa elimu, na kuwahurumia viumbe Vyake wote. Amin.