Amka, Shangi Haikungoji

Wewe kijana wa Kibirichia, hapa mteremkoni mwa Mlima Kenya, unangoja nini?

Unangoja mgeni aje na programu aliyoiunda bila kuonja baridi ya mlima huu? Unangoja mfadhili?

Utangoja sana.

Shangi, aina hii ya kiazi tunayoilima, haingoji. Ukishaichimba, muda si muda inachipua, na broka analijua hilo kuliko wewe. Ndiyo maana anatua shambani na lumbesa, gunia lenye kilemba, analipa bei ya gunia moja. Kanuni za viazi za 2019 zilishasema gunia lisizidi kilo 50. Zimesema. Nani anapima?

Pima wewe!

Mizani moja ya kikundi. Bei ya leo ya soko la Marikiti jijini Nairobi, itumwe kwa ujumbe mfupi ambao hata simu ya mulika mwizi ya nyanya yako inausoma. Au jenga ghala: kuta za mabaki ya mbao, giza ndani viazi visigeuke kijani, matundu chini na juu. Usiku unayafungua, baridi ya mlima iingie. Jua likichomoza unayafunga. Hakuna jenereta, hakuna bili ya stima. Hiyo nayo ni teknolojia, na usiniambie hukuisomea.

Lakini umewauliza wenye shamba?

Hapo ndipo wajanja wengi hukwama. M-Pesa ilijaribiwa kwanza kama njia ya kulipia mikopo midogo. Watu wakaanza kutumiana pesa, waundaji wakawasikiliza, na ilipozinduliwa 2007 kazi yake ilikuwa hiyo waliyoichagua watu. Sasa kumbuka foleni za mradi wa Worldcoin jijini Nairobi, watu wakipigwa picha za mboni za macho kwa ahadi ya pesa. Agosti 2023 serikali ikaisimamisha. Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data ile ifutwe.

Wewe utafuata njia ipi?

Usichukue namba ya mtu bila idhini yake. Usiuze majina ya mama zako kwa wakopeshaji wa simu. Usilete mtambo ambao ukiharibika fundi wa hapa hawezi kuufungua, ukaachwa kuozea nyuma ya zizi.

Mtaji huna? Changeni. Kikundi huna? Majirani unao. Muda huna? Jana jioni simu ilikuwa mkononi mwako kwa saa ngapi?

Kesho kutwa lori la broka litapanda tena. Likute mizani imeshatundikwa, na wewe umesimama kando yake.