Kesho ya Hadithi Iliyokwisha

Kitabu cha picha kikipendwa na watoto, mchapishaji hakawii kumwuliza mwandishi cha pili kinakuja lini. Wengi huliona hilo kuwa swali la biashara tu, kumbe limebeba swali la zamani la falsafa: jambo lililofika mwisho laweza kuwa na kesho bila mwisho wake kugeuka uongo? Aristotle aliandika katika Poetics kwamba mwisho ni kile kinachotanguliwa na jambo, lakini chenyewe hakifuatwi na kitu. Mwandishi wa riwaya anaweza kumkwepa Aristotle, kwa kuwa ana wahusika wa pembeni na mambo mengi yaliyoachwa njiani. Kitabu cha picha, chenye kurasa 32 kwa kawaida, hakina nafasi ya kuweka akiba. Chukua Where the Wild Things Are cha Maurice Sendak, kilichotoka mwaka 1963. Max anapelekwa chumbani bila kula, anasafiri hadi kwenye nchi ya madude, anatawazwa kuwa mfalme wao, anawachoka, anarudi na kukuta chakula chake kingali moto. Hasira imekwisha na msamaha umetolewa. Ukimrudisha Max kwa madude, unamwambia mtoto kwamba safari ile haikutatua lolote. Sendak alikataa katakata kuandika mwendelezo, na miezi michache kabla hajafariki mwaka 2012 alilidhihaki wazo hilo mbele ya Stephen Colbert kwenye televisheni.

Hata hivyo, siafiki kwamba kila mwendelezo ni usaliti. Usaliti ni kujifanya kwamba yaliyotokea hayakutokea. Katika The Gruffalo cha Julia Donaldson, kilichochorwa na Axel Scheffler mwaka 1999, panya mdogo anabuni zimwi ili kuwatisha mbweha, bundi na nyoka. Zimwi lenyewe likitokea kweli, analitisha nalo. Kisa kimefungwa, na hila hiyo ikirudiwa mara ya pili itachosha. Katika The Gruffalo's Child cha mwaka 2004, Donaldson alifanya jambo la busara zaidi: aliuliza uongo ule umezaa nini. Zimwi sasa ni mzazi, linamsimulia binti yake habari za panya mkubwa wa kutisha, naye binti anatoka usiku kwenye theluji kwenda kuhakikisha. Yaani aliyedanganywa ameugeuza udanganyifu kuwa mapokeo, na kizazi kipya kinataka ushahidi. (Dini na siasa zimekutana na kizazi hicho mara nyingi.) Hapo mwisho wa kwanza haukufutwa, umefanywa chanzo.

Msomaji wa Kiswahili atauliza: mbona Sungura anamdanganya Fisi tangu enzi za mababu na hakuna aliyelalamika? Hoja hiyo ina uzito, ila ngano hizo si mwendelezo. Hazina kumbukumbu. Fisi wa leo hajui kwamba Fisi wa jana alipigwa akaachwa kisimani. Kila "paukwa" inaumba dunia upya, na msikilizaji amelikubali sharti hilo kabla hajajibu "pakawa". Kitabu cha picha kinachosimulia badiliko la mtoto mmoja kimeweka sharti jingine, nalo ni kwamba wakati unapita. Wengine watasema watoto wenyewe ndio wanaodai zaidi. Sina hakika. Mtoto anayetaka kusomewa kitabu kilekile usiku baada ya usiku hadai habari mpya. Anataka kuhakikisha kwamba mwisho uko palepale alipouacha. Mzazi akiruka ukurasa mmoja kwa uchovu, atashtakiwa papo hapo.

Ndiyo maana naona Mo Willems ndiye aliyelijibu swali hili vizuri kuliko wote. Vitabu vyake vitatu vya Knuffle Bunny, vya mwaka 2004, 2007 na 2010, vinamfuata Trixie na sungura wake wa kitambaa, na kila kimoja kinamkuta akiwa amekua. Katika kile cha tatu anampa mtoto mchanga anayelia ndani ya ndege sungura huyo, kwa hiari yake. Bila vitabu viwili vya kwanza, tendo hilo lisingekuwa na uzito wowote. Willems hakuandika cha nne, na alifanya vyema.