Amri ya Kutengwa na Mlango wa Toba

Ndugu msomaji, kijana akizuiliwa na hakimu asiandamane na genge lake, kisha akaongoka, amri ile ifunguliwe lini?

Kuzuia peke yake si dhulma. Bibi aliyenyang'anywa kibindo chake njiani ana haki ya kulala kwa amani. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya Tanzania, ya mwaka 1985, yamruhusu hakimu kumtaka mtu atoe ahadi, yenye wadhamini, ya mwenendo mwema. Lakini amri isiyo na mwisho hugeuka ikawa dhulma. Mji wa Los Angeles, Marekani, ulitumia amri za kuzuia magenge tangu 1987. Mwaka 2018 jaji aliuzuia mji huo kutekeleza nyingi katika hizo, kwa kuwa watu walibanwa bila ya kupewa kwanza nafasi ya kujitetea.

Tuitazame Mombo. Hapo ndipo njia ya Lushoto inapoachana na barabara kuu ya Arusha, na vijana wengi hula kwa mizigo ya abiria. Ukimwambia kijana asikanyage stendi, umemzuilia genge pamoja na riziki. Na katika mji mdogo, aliokatazwa kuonana nao huenda wakawa binamu zake, tena wa safu moja msikitini.

Mwaka wa 9 Hijria, Kaab bin Malik na wenziwe wawili walibaki nyuma katika safari ya Tabuk bila ya udhuru. Walisema kweli mbele ya Mtume (S.A.W.), na Waislamu wakakatazwa kusema nao. Siku 40 zilipopita wakaamriwa wajitenge na wake zao. Mke wa Hilal bin Umayya akaeleza kuwa mumewe ni mzee asiye na mtumishi, akaruhusiwa kumhudumia. Amri ikalegezwa kwa dharura. Siku 50 zilipotimia toba yao ikakubaliwa, na amri ikafutwa yote. Talha bin Ubaidullah akainuka mbio kumpa Kaab mkono, naye hakulisahau jambo hilo maishani.

Utasema: kosa lao halikuwa unyang'anyi, na wahyi haushuki tena kututhibitishia toba ya mtu. Ni kweli. Ndiyo maana sisi twahitaji dalili: muda uliopita bila ya kosa, kazi ya halali, kurudisha alichochukua, na ushahidi wa majirani. Aliyedhulumiwa naye asikizwe, maana haki ya mja haifutwi kwa machozi ya toba peke yake. Lakini dalili zikitimia, kuendelea kumfunga ni kumwadhibu kwa hofu yetu, si kwa kosa lake.

Na hakimu akiifuta amri katika karatasi, sisi tusiiandike upya barazani. Kijana akifunguliwa na mahakama, kisha akanyimwa salamu na kazi mtaani, atarudi kwa wale wanaomwita: genge lake la jana. Basi, ndugu msomaji, katika mtaa wako Talha ni nani?

Mwenyezi Mungu atujaalie uadilifu pamoja na huruma. Amin.