Niya ya Mwanafunzi Mwanzoni mwa Mwaka

Mfungo Mosi umeingia, na darasa zilizofungwa kwa ajili ya Ramadhani zafunguliwa tena. Vijana warudi chuoni na vitabu kwapani, wengine kanzu zao zingali zile za sikukuu. Mmoja katika wanafunzi wetu alitujia faragha akatuuliza: "Maalim, nikisoma ili nipate ukadhi au kazi ya kusomesha, je, ilimu yangu yaharibika? Na kama ndivyo, si afadhali nikae nyumbani hata niya yangu isafike?"

Swali hili si dogo, wala si yeye wa kwanza kusumbuka nalo. Imamu Ghazali alishika usomeshaji katika Nidhamiya ya Baghdad mwaka 1091, na wanafunzi 300 wakihudhuria kwake. Naye mwenyewe ameeleza katika al-Munqidh kwamba alipoichungua niya yake aliona haikumkusudia Mwenyezi Mungu peke yake, bali yasukumwa na kutaka jaha na kuenea sifa. Akasitasita karibu miezi sita, leo aazimia kuondoka, kesho avunja azimio, hata ulimi wake ukafungika asiweze kusomesha. Mwaka 1095 akauacha mji. Watu wapenda kusimulia kuondoka kwake. Kurudi kwake hawakutaji. Nako alirudi kusomesha, huko Nishapur, mwaka 1106.

Basi kijana wetu tulimwambia aingie darasani. Kutaka riziki ya halali si ria, na mwenye watoto wa kulisha halaumiwi kwa kuwakumbuka. Anayengoja niya yake isafike ndipo afungue kitabu ni kama mtu anayengoja kutakata ndipo akoge. La kuogopwa ni jingine, nalo hujificha: kusoma ili umshinde mwenzio barazani, na kupenda kuitwa sheikh kuliko kupenda kujua.

Na katika hili, ndugu msomaji, sisi tukaao mbele ya darasa tu katika hatari kubwa kuliko wanafunzi. Mwaka uliopita mtoto mdogo alitukosoa irabu mbele ya watu. Haki ilikuwa yake. Sisi tulikohoa, tukafunua ukurasa, tukapita. Usiku ule usingizi ulituwia mzito kuja.

Juzi tulipofungua darasa tulirejea ukurasa ule ule. Tukamwita mtoto yule, tukamtaka asome kwa irabu yake, na watu wakisikia.