Je, Kuhudumu na Moyo Mzito ni Unafiki?

Somo: Yeremia 36 na 45



Kuna swali ambalo watu huliuliza kwa sauti ya chini, ibada ikishaisha, na mwenye kuuliza akishaangalia huku na huku kuona kama kuna mtu anasikiliza. Huja hivi: "Mchungaji, mimi bado niko kwaya. Bado nafunga. Kesha ya Ijumaa nakuja. Lakini ndani hakuna kitu, naimba tu. Sasa huo si unafiki? Si afadhali nikae nyumbani kwanza mpaka moyo urudi?"

Swali hili ni zito, na anayeliuliza anastahili heshima. Mtu asiyemcha Mungu hajisumbui nalo. Huyu anaogopa kumdanganya Mungu, na ndiyo maana hatuwezi kumjibu kwa kumpigapiga begani na kumwambia asife moyo, mambo yatakuwa sawa, kisha tukaenda kunywa chai. Kama ni unafiki kweli, basi aache. Kama si unafiki, inafaa ajue hivyo kutoka kwa Neno, ili Jumapili ijayo asije kanisani akijihukumu.

Tuanze na neno lenyewe. Katika Mathayo 6 Bwana Yesu anazungumza juu ya sadaka, halafu maombi, halafu kufunga. Mara zote tatu anawataja wanafiki, na mara zote tatu kosa lao ni lile lile: wanafanya ili watu wawaone. Soma sura ile polepole. Hutaona mahali anaposema mnafiki ni yule anayeomba huku amechoka, wala yule anayetoa huku machozi yanamlengalenga. Unafiki anaoukemea Bwana unahusu macho ya nani unayatafuta. Halafu nenda Mathayo 21, kwa wale wana wawili walioambiwa na baba yao waende kufanya kazi katika shamba la mizabibu. Mmoja alikataa waziwazi, baadaye akajuta akaenda. Mwingine alijibu kwa adabu kabisa, na hakwenda. Bwana hakuuliza ni nani alienda akiwa na furaha. Aliuliza ni nani alifanya mapenzi ya baba.

Mtu atasema, "Lakini Isaya 29 inawakemea watu wanaomheshimu Mungu kwa midomo huku mioyo yao iko mbali." Ni kweli, na Bwana Yesu mwenyewe aliirudia katika Mathayo 15. Lakini moyo ulio mbali na moyo ulio mzito ni vitu viwili tofauti. Moyo ulio mbali hauna shida yoyote. Uko starehe zake, umeshughulika na mambo mengine, na midomo inamalizia tu ratiba. Moyo mzito uko pale pale mbele za Mungu, umeinama. Zaburi ya 88 ni ya moyo wa namna hiyo. Imeitwa ya Hemani Mwezrahi, na tofauti na zaburi nyingine nyingi za huzuni, hii haimaliziki kwa ushindi. Inaishia gizani. Na bado iliwekwa katika nyimbo za watu wa Mungu, na bado yule mtu tangu mstari wa kwanza hadi wa mwisho anazungumza na Mungu, hajamgeukia mwingine.

Sasa tuje kwa Baruku, maana yeye ndiye somo letu.

Baruku mwana wa Neria alikuwa mwandishi wa Yeremia. Wengi wetu tunamjua nabii, huyu tunampita tu. Katika mwaka wa nne wa mfalme Yehoyakimu, Mungu alimwagiza Yeremia aandike katika gombo maneno yote aliyomwambia kwa miaka mingi. Yeremia alisema kwa kinywa, Baruku akaandika kwa wino. Hebu fikiria kazi hiyo. Si ujumbe wa simu. Ni neno kwa neno, hukumu juu ya hukumu, maangamizi ya mji wake mwenyewe, na mkono ni wake. Kisha Yeremia, kwa sababu alikuwa amezuiliwa asiingie nyumba ya Bwana, akamtuma Baruku akasome gombo mbele ya watu wote. Kwa hiyo hatari ya kusimama hadharani ikawa ya mwandishi.

Alisoma siku ya kufunga, katika mwezi wa tisa wa mwaka wa tano. Wakuu waliposikia wakaogopa, wakamwambia aende akajifiche yeye na Yeremia. Gombo likapelekwa kwa mfalme, aliyekuwa ameketi katika nyumba yake ya wakati wa baridi, moto ukiwaka mbele yake. Kila msomaji alipomaliza kurasa tatu au nne, mfalme akazikata kwa kijembe cha mwandishi na kuzitupa motoni. Watatu kati ya wakuu walimsihi asichome. Hakuwasikiliza. Gombo lote likateketea.

Mtu aliyewahi kuanzisha ushirika wa nyumbani kwa watu kumi na wawili, akabaki na watatu, anajua kidogo moto huo unavyonuka. Mama aliyemwombea mumewe tangu mtoto wa kwanza akiwa tumboni, na sasa mtoto yuko kidato cha pili, naye anaujua. Unaweka miaka kwenye kitu, mtu anakikata vipande vipande mbele yako huku akiota moto.

Lakini angalia Yeremia 45. Sura yenyewe ni mistari mitano tu, na inatuambia ni lini Baruku alivunjika moyo. Ni katika mwaka ule ule wa nne, wakati alipokuwa akiandika. Yaani kabla ya moto! Kalamu ikiwa mkononi, kazi ya Mungu ikiendelea, Baruku alikuwa analalamika kwamba Bwana amemwongezea huzuni juu ya maumivu, kwamba amechoka kwa kuugua na hapati raha. Kwa hiyo lile gombo la kwanza liliandikwa na mtu aliyekata tamaa. Hakuna mahali Mungu anapolikataa kwa sababu hiyo. Hakumwambia Yeremia atafute mwandishi mwingine mwenye furaha.

Mimi naliona hilo kuwa jibu la swali letu kwa sehemu kubwa.

Sehemu iliyobaki iko katika yale ambayo Mungu alimwambia. Kusema kweli si maneno matamu. Hakumwahidi kwamba kabla ya mwaka kwisha mlango utafunguka. Alimweleza kwamba yeye mwenyewe Mungu anabomoa alichokijenga na kung'oa alichokipanda, nchi yote. Kisha akamuuliza kama anajitafutia mambo makuu, akamwambia asiyatafute. Alichomwahidi ni kimoja tu: uhai wake, popote atakapokwenda.

Kwa nini amuulize hivyo? Biblia haituambii Baruku alitaka nini hasa. Lakini Yeremia 51 inamtaja Seraya, naye ni mwana wa Neria, aliyekuwa afisa wa mfalme Sedekia na akasafiri hadi Babeli. Inaonekana ni ndugu wa Baruku. Basi hii haikuwa familia ya watu wa chini. Kijana msomi kutoka nyumba kama hiyo angeweza kupata nafasi nzuri ikulu. Badala yake anajificha na nabii asiyependwa na mtu. Ndugu yako anapanda cheo, wewe unatafutwa na askari. Sisi katika nchi hii tunaelewa kabisa hali hiyo. Mnakutana Krismasi kwa wazazi, mmoja ameegesha gari, mwingine ameshuka matatu na kutembea, na huyu wa matatu ndiye anayejulikana kama mtu wa maombi.

Hapa tuwe waangalifu. Kutaka karo ya watoto si kutafuta mambo makuu. Kutaka kupona, kutaka kazi, kutaka mtoto arudi nyumbani, hayo ni mahitaji, na Bwana alitufundisha kuomba mkate wa kila siku. Mtu akikuambia umevunjika moyo kwa sababu unapenda dunia, na wewe hujalipa kodi ya nyumba miezi miwili, msamehe tu na uendelee. Lakini kuna uzito mwingine ambao hautoki kwenye shida. Unatoka kwenye mkataba tulioufanya na Mungu kimyakimya bila yeye kutia sahihi: mimi nitatumika, wewe utaniinua. Nitaimba, utanipa mume. Nitatoa sadaka ya mbegu, biashara itakua mara mbili. Miaka ikipita na mkataba haujatimizwa, moyo unaanguka, na tunadhani imani imekufa. Kumbe kilichokufa ni ule mkataba. Na niseme wazi, baadhi ya mikataba hiyo watu waliandikiwa kutoka mimbarini.

Kwa hiyo Mungu hakumpa Baruku hisia mpya. Alimwondolea mzigo wa kutafuta kitu ambacho hakuwa ameahidiwa, akamwachia kalamu. Gombo lilipochomwa, Yeremia 36 inaishia kwa Baruku kuchukua gombo jingine, kuandika yote upya, na maneno mengine mengi yakaongezwa. Sura ile haisemi alijisikiaje siku hiyo.

Sisi Wakenya tunaye mtu wa namna hiyo katika historia ya Injili hapa kwetu, na hatumtaji sana. Tunamtaja Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844 na kumzika mkewe na mtoto mchanga mwaka huo huo. Mwenzake Johannes Rebmann alikuja mwaka 1846, wakaanza kazi Rabai. Krapf aliondoka kwa sababu ya afya. Rebmann alibaki mpaka mwaka 1875, karibu miaka 29. Mwaka 1848 aliona theluji juu ya Kilimanjaro, akaandika, na huko London wakajitokeza wataalamu wa jiografia waliosema haiwezekani. Hilo pengine lilikuwa dogo. Kubwa ni kwamba walioamini walikuwa wachache mno. Wa kwanza, Mringe, alikuwa mtu mwenye ulemavu aliyebatizwa akiwa karibu kufa. Mkewe Rebmann, Emma, alifariki mwaka 1866. Macho yakafifia hadi akawa karibu kipofu. Wakati huo wote aliendelea kukusanya maneno ya lugha za watu aliokaa nao, akitengeneza kamusi. Alirudi Ujerumani na kufa mwaka uliofuata, 1876.

Ni rahisi kumalizia habari hiyo kwa kusema, "Na leo angalia makanisa yalivyojaa Pwani!" Mimi sitaki kumalizia hivyo, maana yeye hakuyaona, na wengi wenu mnaosoma hapa hamtaona pia mnachokiombea. Ningependa tumwangalie pale Rabai, mwaka wa ishirini, jioni, akiandika neno jingine la Kirabai kwenye karatasi huku macho yanamsumbua. Je, alikuwa mnafiki kwa sababu hakuwa akirukaruka kwa furaha?

Kuna mahali pamoja ambapo moyo mzito unaweza kuwa unafiki, nao ni pale tunapoupaka rangi. Umeulizwa, "Habari ya wokovu?" ukajibu, "Nimebarikiwa, nina ushindi!" na usiku hujalala. Umesimama kutoa ushuhuda wa jambo ambalo bado halijatokea, kwa sababu wote wa mbele yako wametoa wa kweli. Hapo sasa tumerudi Mathayo 6, macho ya watu. Na lawama hiyo tusimtwike mwenye moyo mzito peke yake. Kanisa likipigia makofi ushindi tu, linawafundisha watu wake kudanganya.

Jambo jingine kwa kifupi. Kubaki mwaminifu si lazima kubaki na kila jukumu. Eliya chini ya mretemu, katika 1 Wafalme 19, alipewa usingizi na mkate mara mbili kabla ya kuulizwa lolote. Kama wewe ni mhudumu wa mlangoni, mwalimu wa watoto na mweka hazina kwa pamoja, huenda huhitaji maombezi. Unahitaji kupunguziwa kazi, na wazee wanafaa kulisikia hilo bila kununa. Na huzuni inayokaa wiki nyingi, mtu hali, halali, anatamani kufa, hiyo ni ya kupelekwa hospitali pamoja na maombi. Kumeza dawa si kukosa imani.

Basi, kwa yule aliyeuliza: usikae nyumbani. Njoo, uimbe kama unaweza kuimba, ukishindwa ukae tu kwenye kiti chako. Mwambie Mungu ukweli wote kama Baruku, hata kama ni malalamiko, kwa maana malalamiko yale yako ndani ya Biblia. Na mtafute mtu mmoja asiye na mdomo, umwambie pia.

Viongozi wa ushirika wa nyumbani, wiki hii tunaomba msome Yeremia 45 yote, ni fupi. Wakati wa shuhuda, tengeni nafasi kwa wale ambao jambo lao bado halijajibiwa, wazungumze bila kukatizwa na bila kupewa ushauri. Kisha waombewe, mwendelee na chai.