Ukumbusho ni Kazi ya Walio Hai

Wahenga walinena: kifo cha wengi harusi. Maana yake si kwamba msiba hufurahisha, bali kwamba uchungu ukibebwa na wengi humpungukia kila mmoja. Maradhi ya UVIKO-19 yaliitangua hekima hiyo. Walikufa wengi, lakini wafiwa wengi walilia peke yao, bila matanga wala mkono wa pole.

Huko London watu walitafuta dawa ya upweke huo. Tarehe 29 Machi, 2021, wafiwa na wenzao walianza kuchora mioyo myekundu juu ya ukuta ulio kando ya mto Thames, ukilikabili Bunge la Uingereza kutoka ng'ambo. Moyo mmoja ulikuwa wa marehemu mmoja. Ukuta huo una urefu wa karibu nusu kilometa, na mioyo ilizidi 150,000.

Rangi ya kwanza ilififia kwa jua na mvua. Je, jiwe la kuchongwa lisingalifaa zaidi? La, hasha. Jiwe hudumu hata likisahauliwa. Moyo wa rangi hudumu kwa sharti kwamba mtu arudi na brashi. Nao hurudi, wakaupaka upya hata moyo wa marehemu wasiyemjua. Hayo ndiyo matanga yaliyokosekana.

Serikali yaweza kujenga mnara, na yafaa ijenge. Lakini haiwezi kuomboleza kwa niaba ya watu. Deni la marehemu hulipwa kwa mkono wa aliye hai, wala halilipwi mara moja likaisha.